Vijidudu Viingiapo Katika Damu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya baraza la machifu, wazee na walimu. Twayachapa hapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Hatukuja kueleza maradhi yote. Tungefanya hivyo baraza lisingekwisha leo wala kesho. Tumekuja kwa habari ya ugonjwa mmoja tu, nao ni ugonjwa uuao upesi, tena una dawa. Jambo hili ndilo linalotusikitisha, ya kuwa dawa ipo na watu wanakufa. Hufa kwa sababu dawa imechelewa, au imetolewa nusu, au imechezewa siku nyingi hata nguvu yake imepotea.

Ugonjwa wenyewe ni wa vijidudu kuingia katika damu. Vijidudu hivi, ambavyo madaktari huviita bakteria, ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona pasipo hadubini. Viko juu ya ngozi, kinywani, tumboni na udongoni. Vingi havina madhara, na vingine hutufaa. Lakini katika damu havina makao. Kikipenya kimoja kimoja, labda kwa mchubuko wa fizi, askari wa mwili hukikamata mara moja, wala mwenyewe hana habari. Bali vikiwa vingi, au mwili ukiwa dhaifu, askari hao hushindwa. Na damu, ambayo kazi yake ni kuchukua chakula na hewa na kuvipeleka katika kila kiungo, huwa sasa ni njia ya adui. Hapo ubongo, figo, mapafu na moyo vyote hufikiwa.

Milango ya kuingilia ni mingi: kidonda, jipu lililokamuliwa kwa mikono michafu, kichomi, ugonjwa wa njia ya mkojo, tumbo la kuhara, kizazi baada ya mama kujifungua au mimba kuharibika, na kitovu cha mtoto mchanga. Mlango waweza kuwa mdogo kabisa. Msikilize habari ya askari mmoja wa polisi wa Uingereza, maana ndani yake mna karibu yote tuliyokuja kusema.

Mwaka 1928 Alexander Fleming, daktari wa hospitali ya St Mary's mjini London, aliona kuvu imeota katika kisahani alimokuwa akifuga vijidudu, na pale ilipoota vijidudu vimekufa. Kitu kile kitokacho katika kuvu akakiita penisilini, lakini hakuweza kukisafisha kikafaa kwa dawa. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Kisha katika mji wa Oxford wakatokea Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao, wakaishika kazi hiyo kwa bidii. Tarehe 25 Mei 1940 waliwadunga panya 8 vijidudu vya kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kabla ya mapambazuko wale wanne walioachwa walikuwa wamekufa wote.

Lakini panya si mtu. Mtu mmoja ana uzito wa panya elfu kadha wa kadha, na kuvu ilitoa dawa kidogo mno. Ilikuwa wakati wa vita, vyombo haba, hata wataalamu wale wakaotesha kuvu katika vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa wa kitandani. Msicheke, vilifaa sana kwa umbo lake.

Basi huko Oxford, katika hospitali ya Radcliffe Infirmary, alikuwamo askari wa polisi jina lake Albert Alexander, umri wake miaka 43. Wengi husimulia kwamba alikwaruzwa usoni na mwiba wa waridi. Bali yako maelezo mengine ya kuwa aliumia mabomu yalipoangushwa mjini Southampton. Vyovyote vilivyokuwa, vijidudu viliingia kwa jeraha la uso, vikaenea. Majipu yakamjaa usoni na kichwani, jicho moja likatolewa, mapafu nayo yakashikwa. Dawa za salfa, ambazo ndizo zilizokuwako wakati ule, zilikuwa hazikumsaidia. Alikuwa akifa.

Tarehe 12 Februari 1941 akapigwa sindano ya kwanza ya penisilini, kisha nyingine kila baada ya muda wa saa tatu. Siku ya pili yake mabadiliko yalionekana. Homa ikashuka, usaha ukapungua, hamu ya chakula ikarudi. Dawa yote iliyokuwako haikutosha, kwa hiyo mkojo wa mgonjwa ukachukuliwa kwa baiskeli mpaka maabara, penisilini iliyotoka mwilini ikachujwa tena ili arudishiwe. Hata hivyo baada ya siku tano ikawa imekwisha kabisa. Yote aliyopewa ilikuwa gramu 4.4, tena unga ule ulikuwa na uchafu mwingi kuliko dawa yenyewe. Askari akakaa siku kadhaa katika hali njema, watu wakitumaini. Lakini vijidudu vilivyosalia mwilini vikaanza kuzaa tena, na dawa ya kuvizuia hakuna. Akafariki tarehe 15 Machi 1941.

Twaomba mlishike neno hili, maana twaona kila mwaka watu wakilisahau. Askari yule hakufa kwa sababu dawa haikumfaa. Ilimfaa sana, hata alikaa kitandani akala. Alikufa kwa sababu ilikoma kabla ya kazi yake kwisha.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Machi 1942, huko New Haven katika Marekani, mama mmoja jina lake Anne Miller alikuwa hospitalini karibu mwezi mzima baada ya mimba kuharibika, vijidudu vimo katika damu, na homa imefika kipimo ambacho wachache hukipita wakapona. Akapewa penisilini, karibu nusu ya yote iliyokuwako nchini mle. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Safari hii dawa ilitosha. Mama huyo aliishi mpaka mwaka 1999, akafa mwenye umri wa miaka 90.

Mtasema, hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi yatuhusu nini? Basi tuje pwani ya Kenya, katika hospitali ya wilaya ya Kilifi. Kuanzia mwaka 1998 mpaka 2002 watoto waliolazwa pale walitolewa damu kidogo ikachunguzwa, na habari yake ikachapwa mwaka 2005. Katika watoto wachanga wasiotimiza siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na vijidudu katika damu. Katika watoto wakubwa kuliko hao, karibu 6 katika kila 100. Tena katika watoto wote waliokufa hospitalini mle, robo nzima na zaidi walikuwa na ugonjwa huu.

Nasi wenyewe tumezoea kusema kila homa ni malaria! Malaria ipo, wala hatuipunguzi. Lakini mtoto aweza kuwa na malaria na vijidudu katika damu, vyote viwili, na kipimo cha malaria kikionyesha ugonjwa hakisemi kwamba hakuna mwenzake. Mzazi huridhika na dawa ya malaria, akarudi nyumbani, na mgeni wa pili anaendelea na kazi yake ndani.

Katika hesabu zile za Kilifi kuna moja iliyotushtua kuliko zote. Katika watoto waliokuwa na vijidudu katika damu wakafa, theluthi moja walikufa siku ile ile waliyofikishwa hospitalini, na 7 katika kila 10 walikufa siku mbili zisijapita. Wazee wetu, maana yake ni hii: wengi walifika wakiwa wamekwisha kuchelewa. Hatujui nyumba kwa nyumba walichelewa kwa nini. Kila nyumba ina sababu zake. Lakini sote twazijua sababu za kwetu: kungoja baba arudi, kungoja nauli, kujaribu mizizi kwanza, kununua vidonge vinne dukani ili tuone kesho kutakuwaje. Kesho ndiyo iliyowaua.

Sasa tuseme juu ya damu inayotolewa hospitalini, maana twajua mnavyonong'ona. Tangu zamani nchi hizi zina hadithi za mumiani, watu wanaosemwa kwamba huwakamata wenzao na kuwanyonya damu ili kuifanya dawa. Babu zetu walizisimulia wakati wa utawala wa wageni, na leo bado mama akiona sindano ikivuta damu ya mwanawe hushtuka, akambeba akaondoka. Hatumlaumu. Aliyevuta damu bila kueleza ndiye mwenye kosa la kwanza. Kwa hiyo tutaeleza sisi.

Damu hiyo haifanywi dawa, wala haiuzwi. Hutiwa katika chupa yenye mchuzi ambao vijidudu huupenda, chupa ikawekwa mahali penye joto kama la mwili, kama kuku aatamiavyo mayai. Ikiwa kijidudu kimo, huzaa, na kwa kawaida huonekana baada ya siku moja au mbili. Chupa husubiriwa hata siku tano. Kisha mtaalamu hukitambua ni cha kabila gani, akakijaribu kwa dawa mbalimbali aone ni ipi inayokiua. Mtoto hutolewa mililita 1 mpaka 3, nayo haijazi kijiko cha chai, ambacho huchukua mililita 5. Mtu mzima hutolewa mililita 20 hivi, pengine mara mbili. Mbona nyingi? Kwa sababu hata mgonjwa akiwa hoi, vijidudu katika damu yake huwa vichache sana: pengine katika mililita nzima hamna hata kimoja. Atakayechota kidogo hatampata mwizi, atasema nyumba ni salama.

Tena damu hii hutakiwa itolewe kabla ya dawa, ikiwezekana. Mgonjwa aliyekwisha kumeza antibiotiki za dukani huja na vijidudu vilivyolewa nusu. Chupani havioti, bali mwilini bado vyaua. Daktari huachwa gizani. Kwa hiyo mgonjwa wenu akiwa amemeza kitu chochote, semeni, na karatasi ya vidonge iletwe. Hakuna atakayewakemea, na akikemea, mwambieni tumewatuma sisi.

Lakini hapa mwalimu mmoja mwenye akili atauliza: ikiwa wengi hufa siku mbili zisijapita, na chupa yataka siku mbili kutoa jibu, chupa yafaa nini? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba daktari hangoji. Mgonjwa aliyezidiwa, ambaye damu yake imeanza kulegea hata mikono na miguu imekuwa baridi, yapasa apate dawa katika saa ya kwanza. Mfano wake ni chifu asikiaye kelele za wezi usiku: hufunga njia zote za kijiji kwanza, asubuhi mashahidi wakija, njia zisizopitwa na mwizi hufunguliwa. Ndivyo ilivyo. Mtoto mchanga hupigwa sindano za dawa mbili pamoja, kama vile ampisilini na jentamisini, ili kufunga njia nyingi. Kisha chupa ikinena, daktari huweza kuacha isiyohitajiwa, au kubadili ikiwa kijidudu kimezidharau zote mbili. Hatutaficha kwamba hospitali na zahanati nyingi za vijijini hazina chupa hizi wala mtaalamu wa kuzisoma. Hilo si kosa la mgonjwa, nanyi machifu mkilisema mbele ya wakubwa mtakuwa mmesema kweli.

Kwa nini sindano, wala si vidonge? Kwa sababu mgonjwa wa namna hii pengine hutapika, au tumbo lake halipokei dawa sawasawa, na vijidudu vyataka dawa nyingi kwa haraka. Dawa iingiayo katika mshipa hufika mara moja. Akipata nafuu, daktari aweza kumbadilishia vidonge, kwa kutegemea ni kijidudu gani.

Na siku ngapi? Hapa kuna habari mpya. Zamani madaktari wengi walitoa dawa siku 14. Mwaka 2024 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 74 za nchi 7, juu ya wagonjwa 3,608 wenye vijidudu katika damu. Nusu walipewa dawa inayofaa siku 7, nusu siku 14. Hata siku 90 zilipopita, waliokufa katika kundi la siku 7 walikuwa 14.5 katika kila 100, na katika kundi la siku 14 walikuwa 16.1. Basi siku 7 hazikuwa mbaya kuliko 14. Ni habari njema kwa mwenye kulipa na kwa mwenye kulaza mgonjwa mbali na nyumbani. Lakini uchunguzi huo haukuwamo kijidudu kiitwacho stafilokokasi aurea, ambacho hupenda kujificha katika mifupa na moyo, na ambacho hutaka siku 14 kwa uchache, pengine wiki nyingi. Wala haukuwahusu watu ambao kinga ya mwili wao imevunjika sana. Mtu asije akachukua hesabu ile akamtoa mgonjwa wake kitandani siku ya saba kwa amri yake mwenyewe. Kufupisha siku ni kazi ya yule ajuaye ni mwizi gani aliyeingia.

Limesalia neno la dawa kuchezewa. Hili si jambo la jana. Mwezi wa Desemba 1940, hata kabla askari Alexander hajapigwa sindano ya kwanza, wale wataalamu wa Oxford walikwisha kuchapa habari kwamba wako vijidudu vinavyotengeneza kitu cha kuivunja penisilini. Na Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 pamoja na Florey na Chain, aliwaonya watu kwamba anayetumia dawa kidogo isiyotosha huvifundisha vijidudu kuizoea. Maneno yake yametimia. Leo stafilokokasi nyingi hazisikii penisilini ya kale, na katika wadi za watoto wachanga vimo vijidudu ambavyo havisikii dawa zilizokuwa tegemeo letu. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu hasa ya vijidudu vilivyokuwa sugu, na maradhi ya damu yalikuwa katika matatu ya kwanza yaliyowaua.

Huu usugu huanzia katika mambo madogo. Mtu ana mafua, naye hununua kapsuli mbili za rangi mbili. Mafua hayatokani na bakteria, kapsuli haziyagusi. Lakini vijidudu vingine vilivyo tumboni mwake vimeonja dawa, na vilivyo hodari vimesalia vikazaa. Mwingine hupewa dawa za siku saba, siku ya tatu ajisikia vizuri, zilizobaki amfungia jirani katika karatasi kwa wema. Wema huu twauomba usiwepo. Mwingine huwapa kuku wake. Mwenye duka naye atasema ana watoto wa kulisha. Twajua, lakini mtoto wake naye atakapougua atadungwa dawa hizo hizo ambazo baba yake ameziuza hata zikawa maji.

Kuzuia ni bora kuliko sindano. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya huchanjwa chanjo ya vijidudu vya kichomi, na pale Kilifi ugonjwa wa zile aina zilizomo katika chanjo ulipungua sana. Mikono ya mkunga ioshwe kwa sabuni. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, wala kisipakwe samadi wala majivu.

Mwisho, dalili. Mtu mzima: kutetemeka kwa baridi, homa, pumzi na moyo kwenda mbio, mkojo haba, kuweweseka au usingizi usio wa kawaida. Mzee sana aweza kukosa homa kabisa. Mtoto mchanga aliyekataa ziwa, aliyelegea hata hajitingishi mpaka aguswe, mwenye degedege, mwenye mwili wa moto au wa baridi kupita kiasi, au ambaye kifua chake huingia ndani sana avutapo pumzi, aondolewe usiku ule ule. Na chifu mwenye pikipiki au jirani mwenye gari aamshwe. Njiani apewe joto la kifua cha mama yake.

Walimu wana saa za mkononi au simu, basi na wawafundishe watu kuhesabu pumzi. Kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Zikiwa hivyo, hesabuni tena mara ya pili. Hesabuni akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, tena dakika nzima, si nusu yake, maana mtoto mchanga hupumua kwa kwenda mbio na kusita.